Nafuu ya Miezi Tisa: Nani Alinufaika Kenya Ilipopunguza Ushuru Mwaka 2020

Tarehe 25 Machi 2020, siku 12 baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, Rais Uhuru Kenyatta aliwahutubia wananchi na kutangaza mambo mawili kwa pamoja: kafyu ya usiku, ambayo ingeanza siku mbili baadaye, na punguzo kubwa la ushuru. Kafyu ilijadiliwa sana kwa sababu ya virungu vya polisi vilivyoandamana nayo. Punguzo la ushuru halikuwa na wapinzani wengi. Lilipita bungeni kwa haraka, Rais akalitia saini tarehe 25 Aprili, na kufikia tarehe 1 Januari 2021 sehemu yake kubwa ilikuwa imekwisha kufutwa.

Yaliyomo yalikuwa haya. Kiwango cha juu cha ushuru unaokatwa kwenye mshahara, ambao wafanyakazi wanaujua kwa jina la PAYE, kilishushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, na anayepata hadi shilingi 24,000 kwa mwezi akaondolewa ushuru huo kabisa. Ushuru wa mapato ya kampuni nao ulishuka kutoka asilimia 30 hadi 25, ushuru wa mauzo unaolipwa na biashara ndogo ukashuka kutoka asilimia 3 hadi 1, na ushuru wa ziada ya thamani, yaani VAT, ukashuka kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia tarehe 1 Aprili. Katika hotuba hiyo hiyo zilitengwa shilingi bilioni 10 za kuwafikia wazee, mayatima na watu wengine wasiojiweza kwa njia ya fedha taslimu, na Mamlaka ya Ushuru Kenya, KRA, ikaagizwa iharakishe kuwarudishia wafanyabiashara madai ya VAT yaliyokwisha kuhakikiwa, ambayo nayo yalifika shilingi bilioni 10. Ni vyema msomaji aziweke akilini hizo bilioni 10 mbili, kwa sababu zinaonyesha uzani wa mizani tangu siku ya kwanza.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ni kifupi na kina mwanzo na mwisho. Kwa kawaida serikali ikipunguza ushuru, punguzo hilo huchanganyika na mambo mengine ya miaka mingi hata ikawa vigumu kusema ni lipi lililomfaidi nani. Hapa mlango ulifunguliwa mwezi wa Aprili na kufungwa mwezi wa Desemba, na mtu anaweza kuhesabu nani aliingia, nani alibaki nje, na nani aliachwa na kitu mkononi baada ya mlango kufungwa.

Kwenye hati ya mshahara

Kabla ya Aprili 2020, shilingi 12,298 za kwanza za mshahara wa mwezi zilitozwa asilimia 10. Mafungu matatu yaliyofuata, ya shilingi 11,587 kila moja, yalitozwa asilimia 15, 20 na 25, na kila shilingi iliyozidi 47,059 ikatozwa asilimia 30. Baada ya kupata jumla, kila mfanyakazi alipunguziwa shilingi 1,408, ambayo ndiyo nafuu ya kibinafsi. Sheria mpya ilipanua fungu la kwanza hadi shilingi 24,000, ikaweka mafungu mawili ya shilingi 16,667 kwa asilimia 15 na 20, kilichobaki kikatozwa asilimia 25, na nafuu ya kibinafsi ikapandishwa hadi shilingi 2,400. Asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400, na hiyo ndiyo hesabu iliyomfanya mwenye mshahara huo asilipe chochote.

Hesabu zinazofuata nimezifanya kwa kutumia viwango hivyo, na mshahara ninaoutaja ni ule unaotozwa ushuru, baada ya michango ya pensheni kuondolewa. Mwenye shilingi 24,000 alikuwa akilipa PAYE ya shilingi 1,583 kwa mwezi, akawa halipi kitu. Mwenye 50,000 alishuka kutoka 7,656 hadi 4,367, akabakiwa na shilingi 3,290 zaidi. Mwenye 100,000 alipata nafuu ya shilingi 6,156, na mwenye nusu milioni akapata nafuu ya shilingi 26,156, kila mwezi, kwa miezi tisa.

Mtu anaweza kuzisoma tarakimu hizi kwa namna mbili, na mabishano mengi kuhusu kupunguza ushuru, si Kenya pekee, hutokana na watu kusoma namna moja na kuificha nyingine. Tukiangalia sehemu ya ushuru iliyosamehewa, mwenye 24,000 alisamehewa wote, mwenye 50,000 alisamehewa asilimia 43, mwenye 100,000 asilimia 27 na mwenye 500,000 asilimia 18 tu, kwa hiyo mpango mzima unaonekana kuwapendelea wanyonge. Tukiangalia shilingi zenyewe, mwenye nusu milioni alipewa mara 16 na nusu ya alichopewa mwenye 24,000. Hesabu zote mbili ni za kweli. Hata hivyo, dukani hakuna anayelipia bidhaa kwa asilimia ya ushuru aliosamehewa, na wakati wa janga, pale ambapo swali ni nani atakula na nani atalala njaa, hesabu ya shilingi ndiyo iliyo karibu na ukweli wa maisha.

Kuna kundi ambalo halionekani katika hesabu yoyote kati ya hizo mbili. Kwa viwango vya zamani, mtu alianza kulipa PAYE pale tu mshahara wake ulipopita takriban shilingi 13,486, kwa kuwa chini ya hapo nafuu ya kibinafsi ilikuwa inaufuta ushuru wote. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida jijini Nairobi, Mombasa na Kisumu kilichowekwa mwaka 2018 kilikuwa shilingi 13,572.90. Ukitoa mchango wa shilingi 200 wa NSSF, yaani mfuko wa akiba ya uzeeni, uliokuwa ukikatwa wakati huo, mtu huyu alikuwa tayari chini ya mstari, na kwa hiyo punguzo kubwa la PAYE lililotangazwa kwa taifa zima lilimpa sifuri. Aliyekuwa akipata kima cha chini katika miji midogo au mashambani, ambako viwango ni vya chini zaidi, hakuwa hata karibu na mstari huo. Ushuru hauwezi kupunguzwa kwa mtu asiyeulipa. Jambo hili ni dhahiri mno likisemwa, lakini husahaulika kila mara hotuba inapoandikwa.

Nao wenye hati ya mshahara hawakuwa wengi. Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba mwaka 2019, bila kuhesabu wakulima wadogo na wafugaji, Kenya ilikuwa na watu milioni 18.1 wenye kazi, na kati yao takriban milioni 15 walikuwa katika sekta ya jua kali: mafundi, wachuuzi, mama mboga, waendesha bodaboda, wafanyakazi wa vibanda na karakana. Walioajiriwa rasmi walikuwa karibu milioni 2.9. Mwaka 2020 jumla ya wenye kazi ilishuka hadi milioni 17.4, yaani kazi zaidi ya 700,000 zilipotea, na nyingi kati yake zilikuwa za jua kali. Hata katika ajira rasmi, idadi ilishuka hadi takriban milioni 2.7. Aliyefutwa kazi mwezi wa Aprili hakuhitaji kuambiwa kwamba kiwango cha PAYE kimeshuka, wala aliyepelekwa likizo bila malipo, kwa sababu asilimia 25 ya hakuna na asilimia 30 ya hakuna ni kitu kimoja. Walionufaika hasa ni wale ambao korona haikuugusa mshahara wao: watumishi wa umma, wafanyakazi wa benki, wa mashirika ya kimataifa, na wa kampuni ambazo kazi zake ziliweza kuhamia nyumbani. Kwa maneno mengine, nafuu ilikuwa kubwa zaidi pale ambapo pigo lilikuwa dogo zaidi.

Kwa kulinganisha, mpango wa Inua Jamii, ambao huwalipa wazee, mayatima na watu wenye ulemavu uliokithiri, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila anayesajiliwa. Nafuu ya PAYE ya mtu mmoja mwenye mshahara wa nusu milioni ilitosha kuwalipa wazee 13. Sisemi kwamba mtu huyo aliwaibia wazee. Sheria ilimpa naye akapokea, kama yeyote angalivyopokea. Ninachosema ni kwamba serikali ilikuwa na njia mbili za kupeleka fedha majumbani, ikachagua kupitisha fungu kubwa katika njia inayopita kwenye nyumba zenye hati ya mshahara.

Senti zisizokuwa na sarafu

Waliolitetea punguzo hili walijibu kwamba VAT inamgusa kila mtu, mwenye kazi na asiye na kazi, kwa hiyo kushushwa kwake ndiko kungemfikia mama mboga. Hoja hii inastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko nyingine zote, kwa sababu ndiyo iliyobeba matumaini ya walio wengi.

Kwanza, bidhaa ambazo maskini hutumia fedha zake nyingi kuzinunua hazikuwa zikitozwa VAT hata kabla ya Aprili. Unga wa mahindi, mkate wa kawaida, mboga mbichi, kodi ya nyumba ya kuishi na nauli ya matatu vyote vilikuwa nje ya kiwango cha asilimia 16. Mafuta ya petroli, dizeli na mafuta taa yalikuwa yakitozwa asilimia 8 tangu Septemba 2018, na asilimia hiyo haikuguswa. Kilichobaki ni sabuni, mafuta ya kupikia, umeme, muda wa maongezi, mabati, saruji, nguo mpya, vyombo vya umeme, chakula cha mkahawani na kadhalika. Tuchukue mfano wa nyumba inayotumia shilingi 10,000 kwa mwezi, ambamo shilingi 3,000 zinakwenda kwenye bidhaa zenye VAT. Bei zikishushwa kikamilifu, nyumba hiyo itaokoa kama shilingi 52. Nyumba inayotumia shilingi 200,000, ambamo 120,000 ni za bidhaa zenye VAT, itaokoa shilingi 2,069. Hapa pia punguzo linamfuata mwenye matumizi makubwa.

Pili, hizo shilingi 52 zenyewe zinategemea sharti gumu, yaani kwamba muuzaji atashusha bei. Bidhaa iliyokuwa ikiuzwa shilingi 116 pamoja na VAT ya asilimia 16 inapaswa kuuzwa 114, ambalo ni punguzo la asilimia 1.7 ya bei ya rafuni. Katika duka kubwa lenye mashine ya kutoa risiti, punguzo hilo linaweza kuonekana kwenye bidhaa ya shilingi elfu tano. Lakini familia nyingi za mitaa ya Kibra, Mukuru au Likoni hazinunui kwa mtindo huo; zinanunua kwa mtindo wa kadogo, yaani mafuta ya kupima ya shilingi 10, kipande cha sabuni cha shilingi 20, kijipakiti cha sabuni ya unga cha shilingi 5. Punguzo la kipande cha sabuni cha shilingi 20 ni senti 34, na la mafuta ya shilingi 10 ni senti 17. Hakuna sarafu ya kurudisha chenji hiyo. Muuzaji angeweza kukata kipande kikubwa kidogo zaidi au kuongeza tone la mafuta, lakini kusema kweli ni nani anayepima tone?

Kwa hiyo senti hizo zilibaki mahali fulani katika mnyororo wa biashara. Nyingine zilibaki kiwandani, kwa sababu mwenye kiwanda ndiye anayejua gharama zake na ndiye anayepanga bei ya katoni. Nyingine zilibaki kwa muuzaji wa jumla. Nyingine zilimfikia mwenye kibanda, ambaye kwa kawaida hajasajiliwa kulipa VAT, kwa kuwa usajili wa lazima huanza kwenye mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka. Yeye akinunua katoni kwa bei iliyoshuka na kuuza kwa bei ile ile ya rejareja, faida yake inaongezeka kidogo. Sioni ubaya wowote katika hilo, kwa maana mwenye kibanda mwenyewe ni mtu wa mtaa huo huo na mauzo yake yalikuwa yameanguka. Lakini mnunuzi aliyeambiwa kwamba punguzo ni lake hakuliona.

Palipokuwa na mita, mambo yalikwenda vizuri zaidi. Bili ya umeme huonyesha VAT katika mstari wake peke yake, kwa hiyo pointi 2 za VAT ziliondoka pale pale bila kumtegemea mtu. Aliyefaidika ni mwenye mita iliyosajiliwa kwa jina lake, na aliyefaidika zaidi ni mwenye friji, pasi na jiko la umeme.

Wachumi wamewahi kulichunguza jambo la bei na VAT nchini Finland, ambako VAT ya vinyozi ilishushwa kwa pointi 14 mwezi Januari 2007 na kupandishwa tena mwezi Januari 2012, wakakuta kwamba bei zilipanda kwa nguvu VAT ilipopanda kuliko zilivyoshuka VAT iliposhuka. Finland na Kenya ni mbali, na kinyozi wa Helsinki hana mengi ya kufanana na kinyozi wa Githurai. Ila tabia ya bei kupanda kwa lifti na kushuka kwa ngazi haihitaji utafiti ili mkazi wa Githurai aitambue, na ndiyo sababu punguzo la VAT la miezi tisa ni chombo kibovu: muda wenyewe hautoshi bei kushuka ngazi zote kabla ya lifti kuitwa tena.

Kampuni, na wenye baa wa Kitengela

Ushuru wa kampuni hutozwa kwenye faida. Kampuni yenye faida ya shilingi milioni 100 mwaka 2020 ililipa milioni 25 badala ya milioni 30, ikabakiwa na milioni 5 zaidi. Hoteli ya Diani au Watamu ambayo wageni wake walikatika, katika mwaka ambao idadi ya watalii wa kigeni nchini ilishuka kwa zaidi ya asilimia 70, haikuwa na faida ya kutozwa, kwa hiyo punguzo la pointi 5 halikuifaa kitu. Mantiki ni ile ile ya mwenye hati ya mshahara na aliyefutwa kazi, ila hapa imevaa suti.

Isitoshe, sheria hiyo hiyo ya Aprili ilitoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mwingine. Iliifumua orodha ya vivutio vya uwekezaji, ukiwemo ule uliomruhusu aliyewekeza kiasi kikubwa nje ya Nairobi, Mombasa na Kisumu kuondoa asilimia 150 ya gharama zake katika hesabu ya faida. Hoja ya Hazina ya Kitaifa kwamba misamaha ilikuwa imezidi ilikuwa na uzito, nami naiunga mkono kwa sehemu kubwa. Lakini misamaha hiyo iliondolewa bila kuwekewa tarehe ya kurudi, ilhali kiwango cha asilimia 25 kilidumu mwaka mmoja.

Kilichofuata kiliwashangaza wengi zaidi. Sheria ya Fedha ya mwaka 2020, iliyotiwa saini mwisho wa Juni, iliweka ushuru mpya wa kima cha chini wa asilimia 1 ya mauzo kuanzia Januari 2021, ambao kampuni ingelipa hata kama imepata hasara. Hivyo biashara iliyokosa nafuu ya mwaka 2020 kwa sababu haikuwa na faida sasa ilitakiwa kulipa ushuru mwaka 2021 ijapokuwa haikuwa na faida. Waliokwenda mahakamani kuupinga walikuwa wenye baa wa Kitengela, katika Kaunti ya Kajiado, watu ambao biashara zao zilikuwa miongoni mwa za kwanza kufungwa Machi 2020 na miongoni mwa za mwisho kufunguliwa kikamilifu. Mahakama Kuu ya Machakos iliwapa ushindi tarehe 20 Septemba 2021 kwa hoja kwamba ushuru wa mapato hauwezi kutozwa pasipo mapato, na Mahakama ya Rufaa ikaukubali uamuzi huo mwezi Desemba 2022.

Biashara ndogo zilipata jambo moja lililodumu zaidi: ushuru wa mauzo ulibaki asilimia 1 hata baada ya Januari 2021, hadi uliporudishwa kwenye asilimia 3 na Sheria ya Fedha ya 2023.

Bili inapoletwa

Mwishoni mwa Desemba 2020 Bunge la Kitaifa liliitwa kutoka likizoni, likapitisha sheria ya kurudisha viwango. Tarehe 1 Januari 2021 VAT ilirudi asilimia 16, ushuru wa kampuni asilimia 30, na kiwango cha juu cha PAYE asilimia 30. Mwenye mshahara wa 50,000, ambaye PAYE yake ilikuwa imeshuka hadi 4,367, aliipata ya Januari ikiwa 7,383, mwezi ule ule ambao shule zilifunguliwa tena na karo ikadaiwa.

Hazina haikuwa na njia nyingi. Mapato ya KRA yalikuwa shilingi trilioni 1.58 katika mwaka wa fedha wa 2018/19, trilioni 1.607 mwaka uliofuata na trilioni 1.669 katika ule wa 2020/21; yaliongezeka kidogo tu huku mahitaji yakiongezeka sana, na korona pamoja na punguzo la ushuru vilisukuma upande mmoja. Deni la taifa lilipanda kutoka karibu trilioni 6.7 mwezi Juni 2020 hadi karibu trilioni 7.7 mwezi Juni 2021. Mgao wa kaunti ulibaki shilingi bilioni 316.5 kwa mwaka wa pili mfululizo, wakati hospitali za kaunti ndizo zilizokuwa zikitafuta oksijeni. Mwezi Aprili 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liliidhinisha mkopo wa dola bilioni 2.34 wa miezi 38, na kuongeza makusanyo ya ushuru kulikuwa miongoni mwa nguzo zake.

Makusanyo hayo yangetoka wapi? Mwezi Julai 2021 ushuru wa bidhaa unaotozwa muda wa maongezi ulipanda kutoka asilimia 15 hadi 20, na gesi ya kupikia, ambayo ilikuwa haitozwi VAT, ikaanza kutozwa asilimia 16. Hapa ndipo mnyororo wa kisa hiki unapokamilika, na ndipo ninapoona dosari yake kubwa kuliko zote. Aliyepokea shilingi 26,156 kwa mwezi kwa miezi tisa na asiyepokea chochote walijikuta mwaka uliofuata wakilipa asilimia ile ile kwenye mtungi wa gesi na kwenye kadi ya shilingi 20. Nafuu ilikuwa imegawanywa kwa kufuata mapato. Gharama ya kuirudisha ikagawanywa kwa kufuata matumizi, na maskini hutumia karibu kila anachopata. Wapo waliorudi kwenye makaa na mafuta taa. VAT ya gesi ilipunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022 na kuondolewa mwaka 2023, baada ya serikali yenyewe kukiri kwa vitendo kwamba mzigo ule ulikuwa umewekwa pasipo mahali pake.

Kilichobaki

Haitakuwa haki kumaliza bila kutaja sehemu ya mpango huu iliyofanya kazi. Wabunge waliporudisha viwango mwezi Desemba, hawakuigusa nafuu ya kibinafsi ya shilingi 2,400 wala fungu la kwanza la shilingi 24,000. Waliyabana mafungu ya juu badala yake: shilingi 8,333 zilizofuata zikatozwa asilimia 25, na zilizozidi 32,333 zikatozwa asilimia 30. Ukilinganisha na hali ya kabla ya korona, mwenye mshahara wa 50,000, mwenye 100,000 na mwenye 500,000 wote walibaki na nafuu moja, shilingi 273 kwa mwezi. Mwenye 40,000 alibaki na shilingi 626. Mwenye 24,000 alibaki na shilingi zake zote 1,583.

Kwa hiyo punguzo ambalo mwezi wa Aprili lilimpa mkubwa kikubwa na mdogo kidogo liligeuka, lilipofutwa, kuwa punguzo linalompa mdogo zaidi ya mkubwa. Sijui kama kuna aliyelipanga hivyo, na nashuku kwamba ulikuwa ugumu wa kisiasa tu wa kumrudishia ushuru mtu wa 24,000. Hata hivyo, likipimwa kama sera, hili ndilo lililokuwa bora, na lingeweza kufanywa peke yake tangu mwanzo kwa gharama ndogo zaidi, fedha zilizosalia zikaongezwa kwenye zile bilioni 10 za wasiojiweza.

Kufikia mwaka 2024 fungu hilo la 24,000 lilikuwa halijasogezwa, ingawa bei zilikuwa zimesogea. Na mambo mengine yalikuwa yamekatwa kando yake. Kabla ya korona, mwenye mshahara wa shilingi 24,000 alikuwa akikatwa shilingi 750 za NHIF, bima ya afya ya wakati huo, na 200 za NSSF, jumla 950. Kufikia Oktoba 2024 alikuwa akikatwa asilimia 2.75 ya bima mpya ya afya, SHIF, ambayo ni shilingi 660; asilimia 1.5 ya nyumba za bei nafuu, ambayo ni shilingi 360. Na shilingi 1,440 za NSSF kwa viwango vipya. Za NSSF ni akiba yake ya uzeeni na si haki kuziita ushuru, lakini mwisho wa mwezi hazimo mfukoni. Jumla ni shilingi 2,460, yaani nyongeza ya shilingi 1,510 juu ya makato ya zamani. Nafuu yake ya mwaka 2020 ilikuwa shilingi 1,583. Zimebaki shilingi 73.